Koti la Mlaji wa Ukoo

Ukoo ulipokutana Bungoma, nyumbani kwa Wamalwa, kuchagua watu wa kwenda Saboti kumposea Hillary, suala la nani atazungumza lilikwisha kabla chai haijapoa. Lililobaki, lile lililowafanya wazee wavute viti karibu, lilikuwa la nani atakula.

Si jambo la kucheka. Kwa watu hawa, ukienda kwa wenyewe kuomba binti, wakakuwekea kuku na ugali, nawe ukarudisha sahani ina mlima, umewaambia bila kufungua mdomo kwamba chakula chao kimekutia shaka, na pengine binti yao vilevile. Ndiyo maana ujumbe wenye akili hauendi na msemaji tu, huenda na mlaji. Na mlaji wa ukoo huu tangu ujana wake alikuwa Walubengo, kaka yake Wamalwa na baba mzazi wa huyo Hillary, mfanyabiashara wa mahindi mjini Kitale. Ndiye aliyemaliza trei peke yake kwenye harusi moja Naitiri, mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kumtazama usoni. Ndiye aliyekula kwa watu wa kijiji cha Kwanza mpaka wenyeji wenyewe wakaomba mazungumzo yaanze.

Taabu ni kwamba Walubengo yule hakuwapo tena. Aliyeketi karibu na mkewe Nabwile siku hiyo alikuwa na jina lake na sauti yake, lakini mashavu yalikuwa yameshuka, nywele zimepungua utosini, na mshipi wa suruali umetobolewa matundu mapya kwa msumari.

"Hiyo mawe ya nyongo ilikutesa bana," Wamalwa alisema, akimpima kaka yake kwa macho. "Lakini tumbo si bado iko?"

"Iko," Walubengo akajibu.

Nabwile akatazama sakafu. Tumbo halikuwapo.

"Basi imeisha. Sisi wengine tutachoka, wewe ndio utamariza chakura."

"Kuna kitu moja," Hillary akasema. Alikuwa kijana mrefu, fundi wa simu mjini. "Kogo yake Jelimo, nyanya ya huyo msichana wangu, ndio mkubwa pale. Babake akikubali na kogo akatae, hiyo story imeisha. Na kogo hupima mtu na sahani. Kuna wengine walikuja kabla yetu, mzee wao akaacha nusu chapati. Kogo akasema mtu ameshindwa na chapati atalisha msichana wake na nini. Wakarudishwa."

Wazee wakacheka, wakamgeukia mlaji wao kwa imani kubwa. Wamalwa akampiga kaka yake begani. Bega lilikuwa na mfupa, kwa hiyo akautoa mkono haraka.

*

Ukweli waliujua watu watatu tu: Walubengo, Nabwile na daktari. Mwanzoni mwa mwaka Walubengo alipanda kwenye mizani ya dukani kwake, ile ya kupimia magunia, maana ya zahanati ilikuwa imemshindwa, na mshale ukasimama kwenye magunia mawili kasoro kidogo. Sukari ilikuwa juu. Magoti yalikuwa yakilalamika kila akiinuka. Kitandani alikuwa akikoroma, kisha anakata pumzi, Nabwile anamsukuma kwa kiwiko ndipo anaendelea kuishi. Basi wakaenda kwenye hospitali moja ya binafsi hapo Kitale, akapasuliwa kwa vitundu vidogo, akatolewa sehemu kubwa ya tumbo, akabakishiwa kipande chembamba kisichozidi ndizi. Nyumbani wakasema ni mawe ya nyongo.

"Nitawaambia nini Bungoma?" Walubengo alikuwa amemuuliza mkewe. "Watu wanaomba Mungu awape kitu ya kuweka kwa tumbo. Mimi nimelipa watu watoe tumbo yenyewe."

Matokeo yalikuja kwa fujo, mema na mabaya yameshikana mikono. Sindano za sukari alizisahau kabatini. Siku moja aliinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, akamwita Nabwile atoke dukani aone, akazifungua, akazifunga tena. Alianza kupanda ngazi za benki akipiga mluzi. Lakini nywele zilibaki kwenye kitana, na baridi ilimshika saa sita mchana mpaka wapakiaji wa mahindi wakamcheka kwa sweta. Nyama ngumu ilimkwama kifuani kama kisiki. Kitu kitamu ndicho kilichokuwa balaa zaidi: kikombe cha chai yenye sukari kilimtoa jasho, moyo ukamwenda mbio, miguu ikamwelekeza chooni bila kumuuliza. Mteja mmoja alimwona hivyo, akarudi kesho yake na mchungaji.

Nabwile naye alikosa usingizi. Kimya cha mumewe kilimtisha kuliko kukoroma kwake, akawa anamwekea kiganja puani kuhakikisha kwamba pumzi ipo. Na alipenda, kusema kweli, kulala karibu na mtu ambaye mikono yake ilimzunguka ikakutana upande wa pili. Asubuhi alikuwa akiamka anaona haya kama bibi harusi.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Tangu waoane, Nabwile alikuwa akiuliza, "Nikuongezee?" na jibu lilikuwa sahani inayonyooshwa. Hakupata hata siku moja kumsikia mumewe akisema ameshiba. Chakula kiliisha, yeye akaamka. Hata baada ya upasuaji hakulisema neno hilo. Aliacha kula kwa hofu, akisema, "Daktari amekataa," huku macho yamebaki kwenye sufuria. Nabwile alikuwa akiondoa sahani ile kwa uchungu, akijiuliza kama wamemtoa mumewe tumbo wakamwachia njaa.

*

Wazo la koti lilikuwa la Nabwile, na baadaye hakukana. Alikuwa mshonaji, na mshonaji akiona tatizo huona mahali pa kupitisha sindano.

"Baba Hillary, lete lile koti yako ya zamani."

Koti lilikuwa jeusi, la enzi za magunia mawili. Walubengo alipolivaa, upande wa mbele ulibaki na nafasi ya mtu mwingine. Nabwile akakata kitambaa cha plastiki cha mezani, kile chenye picha za zabibu na mananasi ambacho wageni walikuwa wakikisifu, akashona mifuko miwili mikubwa ndani ya koti, upande huu na upande huu, midomo ikielekea mkono unapopita.

"Wewe unakata tonge, unapeleka juu kama kawaida, ukifika hapa kwa kifua, unateremsha," akamfundisha. "Na unatafuna."

"Natafuna nini?"

"Unatafuna tu. Hata ng'ombe hutafuna na hana kitu."

Wakafanya mazoezi mezani kwa vipande vya mkate. Mara ya kwanza kipande kilianguka chini. Mara ya pili kiliingia kwenye shati. Baadaye Walubengo akapata mkono, akawa anatafuna hewa kwa heshima ya mzee wa kanisa, na kila kipande kikapotea. Mifuko ilipojaa, koti likatuna mbele, na Walubengo aliyekuwa amepotea akasimama tena jikoni akiwa na kitambi chake. Nabwile alicheka hadi akajishika kwenye jokofu.

Kisha akajifuta macho, akamgeukia. "Na tukisema tu ukweli?"

"Hillary amempenda yule msichana," Walubengo akasema, akikitazama kitambi chake cha mkate. "Siwezi kumnyima mke juu ya tumbo yangu."

*

Nyumba ya mzee Kipngetich, babake Jelimo, ilikuwa juu kidogo ya kituo cha Saboti, mlima ukiwa nyuma yake na mahindi mbele. Walipokelewa vizuri mno. Jelimo, msichana wa macho ya kucheka, aliwamwagia maji mikononi bila kumtazama Hillary, na Hillary akamwaga ya kwake yote kwenye viatu.

Kogo Jelagat alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, fimbo magotini. Hakusema neno mpaka chakula kilipoingia. Kilipoingia, Nabwile aliipima mifuko ya koti kwa macho: kila mzee aliletewa kuku wake mzima, na kila kuku alikuwa na mlima wake wa ugali.

Kogo akainuka mwenyewe na kisahani kidogo, akakiweka mbele ya Walubengo.

"Sisi hapa hatuna hiyo maneno," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Lakini nilituma mtu Naitiri aulize. Wakaniambia kwenu firigisi ni ya mzee wa heshima. Nikachukua ya kuku yote nikakuwekea."

Walubengo akashukuru kwa mikono miwili. Firigisi zilikuwa kubwa, ngumu, zinang'aa kwa mafuta, na hakuna daktari aliyesomea popote ambaye angemruhusu kumeza hata moja. Nabwile akajua zinakwenda wapi, na hapo ndipo aibu ilipoanza kumla. Mwanamke huyu alikuwa ametuma mtu.

Kazi ikaanza. Walubengo aliula ule mlo kwa ufundi uliomfanya mkewe atokwe na jasho la fahari. Tonge likapanda, tonge likateremka, taya likasaga. Paja la kuku likaingia upande wa mananasi. Kifua kikaenda upande wa zabibu. Firigisi zikafuata moja moja, kila moja ikisindikizwa na kichwa kilichotikiswa kwa utamu. Na kadiri sahani ilivyoshuka ndivyo koti lilivyopanda.

Wamalwa, ambaye hakujua lolote, alimwinamia Nabwile macho yakiwa yamelowa kwa furaha. "Mulamwa, shemeji yangu, unaona? Tumbo inarudi."

"Naona," Nabwile akajibu, akiuma kitambaa chake cha kichwa.

"Hawa watu wa Saboti wanajua kupika bana. Ati siku moja tu."

Kogo naye alikuwa akiona. Alimtazama mgeni wake akitanuka, na kwa mara ya kwanza fimbo ikatoka magotini ikalazwa chini. Akasema kitu kwa lugha yao, na mzee Kipngetich akatabasamu kama mtu aliyepata kibali cha kutabasamu. Hillary akavuta pumzi. Mambo yalikuwa yamekwisha, na yangekwisha salama, kama si asali.

"Mtu amekula hivi anyweshwe vizuri," Kogo akasema. Jelimo akaleta bakuli la maziwa ya moto yaliyokorogwa asali ya mlimani, nzito, nyeusi, kijiko kinasimama.

Nabwile na mumewe wakatazamana. Mifuko ya koti haikushonwa kwa ajili ya kinywaji.

Angeweza kusema hapana. Lakini Hillary alikuwa akimtazama, na Jelimo amesimama na trei, na Walubengo hakuwahi kuwa mtu wa kuangusha ukoo wake kwa bakuli moja. Akainua bakuli. Akanywa lote. Kogo akapiga makofi.

*

Haikuchukua muda. Jasho lilitokea kwanza kwenye paji la uso, kisha likamshuka shingoni kwa mistari. Midomo ikapauka. Nabwile aliona kidole cha mumewe kikigonga goti kufuata mapigo ya moyo, na mapigo yalikuwa ya mtu anayekimbizwa.

"Choo iko wapi?" Walubengo akauliza, kwa adabu sana, akiwa tayari ameshasimama.

Alitoka kwa mwendo ambao si wa mzee wa heshima. Mbele yake kilitangulia kitambi kikicheza kulia na kushoto, na mlangoni alilala mbwa wa nyumba, Askari, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akinusa na kujiuliza maswali. Walubengo alimruka. Askari hakurukwa. Alidaka upindo wa koti, akavuta, Walubengo akavuta kwake, uzi wa Nabwile ukasema neno lake la mwisho, na chakula chote cha mkwe kikamwagika uani: mapaja, kifua, matonge, mchuzi, na juu ya vyote firigisi zikibiringika kwenye nyasi kama gololi. Koti lenyewe likabaki limefunguka mbele ya watu, ndani limejaa mananasi na zabibu. Walubengo hakusimama. Choo hakikuwa kinasubiri.

Askari akala firigisi zote.

Kuku mmoja aliyebaki hai alipita katikati ya watu, akatazama huku na huku, akaondoka. Kisha mtoto akacheka ndani ya nyumba, mtu akamfinya.

Mzee Kipngetich alikuwa wa kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu anabeba chakula ya watu kwa siri, anapeleka wapi?"

Kila mtu alijua jibu linalofuata swali hilo. Chakula kinachochukuliwa kwa kuficha nyumbani kwa watu hupelekwa mahali pabaya, kwa watu wanaojua kukitumia. Jelimo akaishusha trei. Hillary akakaa chini kwenye ngazi, mikono kichwani.

"Kaka yangu si mchawi," Wamalwa akasema, lakini yeye mwenyewe alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, akiitazama ile mifuko.

Kogo Jelagat aliokota kisahani chake, kile cha firigisi, kitupu. Akakipangusa kwa kiganja. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo Nabwile hakuliweza.

"Ni mimi nilishona," Nabwile akasema.

Watu wakageuka.

"Kogo, ni mimi. Hiyo plastiki ni ya meza yangu. Mzee wangu hana tumbo."

"Hana nini?" Wamalwa akauliza.

Basi akasema yote, amesimama katikati ya ule mlo uliomwagika. Akasema mizani ya magunia, akasema sindano, akasema pumzi iliyokuwa ikikatika na yeye anaisukuma irudi. Akasema daktari wa Kitale na kipande kilichobaki. Akasema hakuna mawe, hakukuwa na mawe hata siku moja. Alipofika kwenye firigisi akamgeukia Kogo. "Mama, ulituma mtu Naitiri ukatuuliza mila yetu. Na sisi tukakuja na mfuko. Niko na aibu mpaka sijui niitupe wapi."

Walubengo alitokea upande wa choo akishikilia ukuta. Rangi ilikuwa imemwisha. Mkewe akamlaza kwenye nyasi, akamwekea mkono kifuani, na moyo ulikuwa umeanza kurudi mwendo wa watu.

"Mawe ya nyongo hapana?" Wamalwa akamwinamia. "Mwaka mzima naombea mawe, kumbe naombea hewa?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Na mimi nimekura kuku mzima kukusaidia, natoka jasho, kumbe wewe unaweka kwa koti."

Mahali fulani jikoni mwanamke mmoja alishindwa, akacheka. Lakini Kogo hakucheka. Akaja akasimama juu ya Walubengo na fimbo yake.

"Mimi nimechinja wanyama tangu nikiwa msichana," akasema. "Sijaona yenye inaishi bila tumbo."

"Wameacha kidogo, mama," Walubengo akasema kutoka chini. "Kama ndizi."

"Kama ndizi."

"Ya kuiva."

Kogo akamfikiria. "Mtu anaweza kunidanganya na mdomo. Umenidanganya leo na mdomo, na mkono, na koti. Amka ukae. Sasa utakula mbele yangu, bila koti, mpaka hiyo ndizi yako ijae. Mimi nitaangalia."

*

Wakamwachia apumzike kwanza, mpaka rangi ikamrudia usoni. Wakamketisha kwenye kigoda nje, amevaa shati tu, na hapo watu wote wakaona jinsi alivyo: mabega membamba, ngozi ya shingo imekunjamana kama soksi iliyoshuka. Nabwile alitamani kumfunika. Walubengo akamwambia kwa macho amwache.

Kogo alileta yai moja la kuchemsha na ugali kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Nyuma yake wakajipanga wengine wote, na Askari akajipanga pia.

Walubengo akavunja kipande cha yai, kidogo kama ncha ya kidole. Akatafuna. Daktari alikuwa amemwambia atafune mpaka chakula kisahau kilikuwa nini, na kwa kuwa safari hii hakuwa na mahali pa kukificha wala sababu ya kukimbia, akatafuna hivyo kweli. Nabwile alimwona akifunga macho. Akachukua ugali, akachovya chumvi, akatafuna tena. Ilikuwa ajabu kumtazama. Miaka yote chakula kilikuwa kinapita kwa huyu mtu kama mahindi yanavyopita dukani kwake, yanaingia huku na kutoka kule, hakuna anayeyauliza jina. Leo alikuwa anakiuliza jina.

"Hii kuku yenu inakula nini?" akauliza. "Yai ni tamu."

"Inakula mahindi," Kogo akajibu. "Kula."

Akala. Vipande vikaenda polepole, na watu waliokuwa wamekunja mikono wakaikunjua. Ilipobaki nusu ya yai na ugali wa kuokota kwa vidole viwili, mkono wa Walubengo ukasimama hewani. Nabwile akajiandaa. Alijua neno linalokuja, daktari amekataa, na macho yatakayobaki kwenye sahani.

"Nikuongezee?" Kogo akauliza.

Walubengo akaitazama ile nusu ya yai. Aliitazama vizuri, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya nyumba yake. Kisha akaisukuma taratibu kuelekea kwa mwenyeji wake, uso umejaa mshangao.

"Nimeshiba, mama."

Hakuna aliyeelewa kwa nini mke wake, pale nyuma, aliziba uso kwa leso na kuanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Sema tena," Kogo akasema.

"Nimeshiba. Kabisa."

Kogo Jelagat akachukua ile nusu ya yai, akaila yeye mwenyewe. Alitafuna bila haraka, watu wote wakimsubiri, mzee Kipngetich akiwamo. Alipomeza akampa mjukuu wake kisahani.

"Nimeona wazee wengi wamekuja hapa," akasema. "Wanakula kuku, wanakula ya jirani, wakirudi nyumbani wanakula shamba ya watoto. Hawa watu mimi nilikuwa naita wanaume. Sijaona hata mmoja ananiambia ameshiba." Akamwelekezea Walubengo fimbo. "Huyu atamwachia msichana wangu kitu kwa sufuria. Kipngetich, ongea na wakwe zako. Mimi nimemaliza."

Kelele iliyotoka uani pale iliwafukuza kuku wa jirani. Jelimo akamtazama Hillary waziwazi kwa mara ya kwanza siku hiyo, Hillary akasahau kwamba ameketi kwenye ngazi, akainuka, akajigonga kichwa kwenye paa la baraza. Wamalwa akatangaza kwamba yeye pia ameshiba, ila hakuna aliyemuuliza.

"Na Askari?" mzee Kipngetich akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Amekula firigisi yote."

"Basi leo mzee wa heshima ni Askari," Kogo akajibu. "Mpeni kiti."

Walipokuwa wanaaga, Kogo aliitisha lile koti. Nabwile akalileta kwa aibu, uzi ukining'inia. Mwanamke yule akaliweka magotini, akaisifu ile plastiki ya zabibu, akaomba sindano, akashona mahali aliporarua Askari kwa mishono mikubwa isiyo na ufundi. Kisha akaita jikoni, na mbele ya watu wote akajaza mifuko miwili kwa mkono wake: viazi, mayai, kuku aliyekaushwa, kibuyu kidogo cha maziwa kikiwa wima katikati.

"Siku ingine omba," akamwambia Nabwile. "Tumbo ni ndogo, mdomo si umebaki?"

Nabwile aliendesha pikapu wakiteremka kurudi Kitale, maana mlaji alikuwa amechoka. Koti lilikaa katikati yao limetuna, kama abiria wa tatu. Nyuma, juu ya magunia matupu, Wamalwa alikuwa amelala chali akiugua kuku wake mzima na kumwomba Mungu ndizi. Jua lilikuwa bado linawaka juu ya mahindi. Walubengo alivuta sweta, akaegemeza kichwa kwenye kioo.

"Ulisema nini pale?" Nabwile akamuuliza.

"Wapi?"

"Pale kwa kigoda."

"Si ulisikia."

"Nataka kusikia tena."

Akalirudia. Walipofika kwenye lami akamwomba aseme mara nyingine, naye akasema, na Nabwile akabadilisha gia akicheka mpaka gari likayumba.